Walikula Nini? Watoto na Vitabu vya Vita

Watu wazima wakimaliza hadithi ya vita huuliza nani alishinda. Watoto huuliza walikula nini. Swali hilo limeniganda kiasi kwamba sasa nikishika riwaya yoyote ya vita, ya watoto au ya wakubwa, natafuta kwanza chungu kiko wapi na nani anachochea kuni. Kama sikioni mpaka katikati ya kitabu, najua mwandishi ananidanganya.

Jumamosi asubuhi huwa tunasoma na watoto wa mtaa barazani kwetu, Ngamiani, hapa Tanga. Ni kundi la kuja na kuondoka. Wapo wa darasa la nne, wapo wa kidato cha pili, na hakosekani mdogo mmoja aliyeburutwa na dada yake kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwangalia. Vitabu ni vichache, vya vita ndiyo kabisa. Kwa hiyo vingine nasoma mwenyewe usiku kwa Kiingereza, kisha nawasimulia kwa Kiswahili kipande kwa kipande.

Siku moja niliwapa vita vya hapa hapa nyumbani. Novemba 1914, meli za Waingereza zinatia nanga mbele ya Tanga zikiwa na wanajeshi kama 8,000 kutoka India. Wajerumani na askari wao Waafrika wanakaribia 1,000 tu. Risasi zinapasua mizinga ya nyuki, nyuki wanatoka na hasira zao, wanauma wa huku na wa huku bila kuuliza bendera, na mwishowe lile jeshi kubwa linarudi melini mbio. Nilijua nyuki watawafurahisha, na kweli walicheka mpaka mmoja akaanguka mkekani. Vilipotulia vicheko, kijana wa darasa la sita akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wale elfu nane asubuhi walikunywa chai?"

Mwingine akadakia kwamba elfu nane ni wengi, choo je? Wakacheka tena, lakini muulizaji wa kwanza hakucheka. Alikuwa anataka jibu. Mama yake ana banda la chapati karibu na stendi, na yeye ndiye anayeamka alfajiri kumsaidia kukanda. Anajua kulisha watu hamsini maana yake nini. Elfu nane kwake si tarakimu ya kitabuni, ni magunia ya unga.

Riwaya maarufu ya Vita Kuu ya Kwanza, Im Westen nichts Neues ya Mjerumani Erich Maria Remarque, iliyotoka kama kitabu mwaka 1929, inaanza na nyama na maharage. Kombania ilikwenda mstari wa mbele na watu 150, wamerudi 80. Mpishi alikuwa amepika vya watu 150. Anagoma kugawa, anadai hawezi kuwapa watu 80 chakula cha watu 150, wanabishana naye hadi ofisa anapotokea na kuamuru kigawiwe chote. Basi waliobaki wanakula na vya wenzao, wanashiba, na wana furaha. Kurasa chache tu, hakuna bomu lililolipuka mbele ya macho yetu, na tayari tumeshaelewa kila kitu. Wanazi walikichoma kitabu hicho mwaka 1933. Mtu haoni haya kuchoma kitabu kinachosema kwamba vita ni sahani sabini zisizo na mwenyewe.

Niliwasimulia sehemu hiyo barazani. Hakuna aliyeniuliza wale sabini walikufaje. Walinyamaza kidogo, halafu wakaanza kubishana kama ni haki kula posho ya maiti. Wa darasa la nne walisema haramu. Wa kidato cha pili walisema chakula kikimwagwa ndiyo haramu zaidi. Mjadala ulikwenda mpaka adhuhuri, nami nikakaa pembeni nikiwasikiliza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaopanga vitabu vya vita kwa kipimo cha damu, kwamba cha watoto kiwe na damu kidogo na cha wakubwa kiwe nayo nyingi. Mtoto wa Ngamiani ameona mbuzi akichinjwa kila Idd. Damu haimshangazi kama tunavyodhani. Kinachomtisha ni chungu kisicho na mwenyewe, mama aliyekwenda kisimani asirudi, nyumba ambayo jioni haitoi moshi.

Vita vilivyoanza na nyuki hapa Tanga viliendelea miaka minne, na kama kuna mahali ambapo swali la chakula ni vita vyenyewe, ni hapo. Barabara zilikuwa chache, magari yalizama kwenye tope, na punda, farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Aliyebaki ni mtu. Upande wa Waingereza peke yao, wanaume karibu milioni moja walichukuliwa kwa vipindi mbalimbali kuwa wapagazi, wengine kwa hiari, wengi kwa kukamatwa. Inakadiriwa kuwa karibu 95,000 walikufa. Risasi iliwaua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi, asipewe muda wala kuni za kuuivisha, na tumbo likakataa. Kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyotupa jina la Kariakoo, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na Nairobi wana Kariokor yao. Watu wananunua vitenge na simu pale kila siku.

Niliwapa watoto hesabu. Mpagazi anabeba mzigo wa kilo 25, wote unga. Posho yake ni kilo moja kwa siku, na njiani hakuna cha kununua. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, atafikisha kilo ngapi? Walichora chini kwa kijiti. Tano. Nikawaambia siku kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi. Kilo moja. Siku kumi na tatu? Kijana wa chapati akasema, "Anafika anadaiwa." Huo ndio ulikuwa muundo wa vita vile. Kila hatua ambayo jeshi lilisogea mbele, lilihitaji watu wengi zaidi wa kubeba chakula cha watu wanaobeba chakula. Ukisikia jemadari fulani alikuwa hodari wa kutembeza jeshi, uliza tumbo la nani lilimtembezea.

Na walipopita majeshi, nafaka na mifugo vilikwenda nao. Ugogo, Wajerumani walichukua, Waingereza wakaja wakachukua, mvua nazo zikagoma. Wagogo waliiita njaa ile Mtunya. Ilidumu kuanzia 1917 hadi 1920, na mwanahistoria aliyeichunguza kwa kina anakadiria kuwa watu 30,000 walikufa katika jamii ya watu kama 150,000. Sijawahi kushika riwaya ya Kiswahili ambayo imekaa ndani ya Mtunya kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kama ipo, nitafunga safari kuifuata.

Wageni ndio walioandika mapema. Mwingereza C. S. Forester alitoa The African Queen mwaka 1935, kitabu cha vituko vya vita vile vile, na filamu yake ilizunguka dunia nzima. Nakisifu kwa mwendo, kinakimbia. Lakini angalia kinavyoanza. Jeshi la Wajerumani linapita kwenye misheni na kuzoa kila kitu, kuku, mifugo, nafaka, vyungu, na wanakijiji wenyewe. Baada ya hapo Mwingereza mmoja wa kike na Mwingereza mmoja wa kiume wanabaki na mashua yao na mto wao, na simulizi inaanza. Wanakijiji walioondoka na vyungu vyao hatufuatani nao. Kwangu mimi riwaya ya vita ilitoka mlangoni pale pale, ikiwa na debe kichwani, na mwandishi akaiacha iende.

Meli ya Wajerumani iliyompa Forester wazo lake ipo, ndiyo Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaunganishwa upya Kigoma na kuingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isije ikachukuliwa. Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, yaani gavana aliyetawala wakati wa Maji Maji. Ni gavana ambaye majeshi yake yalichoma mashamba na maghala ya kusini, baada ya ofisa wake mmoja kuandika kwamba ni njaa tu itakayowasalimisha watu. Kwa hiyo meli ya hadithi ya vituko ilibeba jina la mtu aliyetumia njaa kama silaha. Mambo kama haya hayahitaji mtunzi, yanahitaji mtu wa kuyaona.

Abdulrazak Gurnah ameyaona. Mwaka 2021 alipopewa Nobeli watu wengi hapa walianza kuulizana yeye ni wa wapi hasa, Zanzibar au Uingereza, mjadala ulionichosha siku ya pili tu. Vitabu vyake havikujadiliwa hata robo ya hapo. Katika Afterlives (2020) kijana Hamza anajiunga mwenyewe na jeshi la Wajerumani, anafanywa boi wa ofisa, anapiga pasi, anatandika kitanda, anafundishwa Kijerumani kwa mzaha wa bwana mkubwa. Vita vinapigwa, anajeruhiwa, na kitabu bado ni kinene mkononi. Nusu iliyobaki ni mtu anayerudi mji wa pwani akichechemea, anatafuta kibarua, anajifunza useremala, anaogopa kulala, anaoa. Rafiki yangu mmoja alinirudishia kitabu akilalamika kwamba vita vimeisha mapema mno. Nikamwambia vita vilikuwa ndani ya karakana pale, kwenye nyonga ya yule seremala.

Na lile swali la choo, ambalo watoto waliliuliza kwa kucheka, Gurnah alilijibu zamani, mwaka 1994, kwenye riwaya ambayo sasa tunayo kwa Kiswahili, Peponi, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022. Sitaki kuwaharibia wasioisoma. Nitasema tu kwamba mwishoni askari wanapita mjini wakikusanya vijana, wanapiga kambi, wanaondoka, na wanachoacha nyuma ni mavi, na mbwa wanayagombania. Yusufu anasimama akitazama. Kinachofuata, uamuzi wake, hauelezeki bila mbwa wale. Mwandishi mwingine angetuwekea bendera au tarumbeta.

Fasihi yetu wenyewe ilianza na vita, jambo ambalo huwa tunalisahau. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyotufikia, ni vita mwanzo mwisho, majeshi ya Mtume na majeshi ya Herekali wa Rumi, panga na vichwa vinavyoruka. Mtunzi alikuwa mbali na Tabuk, mahali pa vita hivyo huko Uarabuni, kwa bahari nzima na zaidi ya miaka elfu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, wa huku kwetu, alitunga baada ya 1889 juu ya Wajerumani walivyoitwaa pwani yetu ya Mrima, na yeye vita vyake vilikuwa mlangoni, watu wake na miji yake anawataja kwa majina. Tenzi hizo ziliimbwa mbele ya waliokuwepo, mzee na mjukuu mkeka mmoja. Hapakuwa na rafu ya vijana na rafu ya wakubwa. Kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba. Ila nazo, kwa uzuri wake wote, zina panga nyingi kuliko sufuria.

Aliyegeuza jambo hilo ni Ebrahim Hussein. Kinjeketile yake ilitoka 1969, na wengi wetu tuliisomea mtihani, kwa hiyo tumeisahau vizuri. Pazia linafunguka na hatumwoni shujaa wala Mjerumani. Wapo wanawake wawili, Bi Bobali na Bi Kitunda, wanazungumza habari za njaa. Wanaume wao wamepelekwa kulima mashamba ya Mzungu, na mashamba ya nyumbani hayana mkono. Mwalimu wetu wa wakati huo aliwaweka wanawake wale kwenye kundi la "wahusika wadogo", tukaandika hivyo kwenye daftari na kusonga mbele kwenda kwa maji na mizimu. Lakini sababu yote ya vita iko kwenye mazungumzo yale. Julai 1905, kule Nandete, watu wa Umatumbi waling'oa miche ya pamba. Waling'oa kitu kisicholika kilichopandwa badala ya kinacholika. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti 4 mwaka huo huo, vita ndiyo kwanza vinaanza, na vilipokwisha 1907 njaa ilikuwa imeua wengi kuliko bunduki. Wajerumani walisema waliokufa ni 75,000. Wanahistoria wetu wamefika mpaka 250,000 na 300,000.

Watoto wa barazani tuliwagawia sehemu wakaigiza mwanzo ule. Wasichana wawili walikaa chini na ungo mtupu, hatukuwa na zana nyingine. Waligombana kidogo nani awe Bi Bobali. Walipoanza kusema, sauti zao zilibadilika zenyewe zikawa za mama zao wanaposimuliana bei ya unga. Sikuwafundisha hilo.

Kitabu kilichonisumbua zaidi kuhusu nini asimuliwe mtoto si cha watoto. Ni Petit pays ya Gaël Faye, mwanamuziki aliyezaliwa Burundi kwa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda. Kilitoka Ufaransa 2016, kikapata tuzo ya Goncourt ile inayoamuliwa na wanafunzi wa sekondari. Vijana wale walipelekewa riwaya za wakubwa wakachagua hii. Anayesimulia ni Gaby, mtoto wa kiume wa Bujumbura, mtaa wa Kinanira, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Yeye na wenzake wanaiba maembe kwenye bustani ya mama mmoja Mgiriki, kisha wanakwenda kumuuzia mwenyewe. Barazani watu walitaka kujua bei. Mmoja alisema hata hapa Tanga inafanyika, akatazama pembeni, sikumuuliza zaidi.

Halafu Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi anauawa, Aprili 1994 Rwanda inaungua, na maembe yanakwisha. Mama yake Gaby anakwenda Rwanda kutafuta ndugu zake na anarudi si yule aliyeondoka. Usiku anamwamsha binti yake mdogo, Ana, na kummiminia aliyoyakuta katika nyumba ya shangazi yake. Kila kitu, bila kuchuja. Mtoto anaanza kuchora miji inayowaka na mapanga. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa sababu hapo kitabu kinajihoji chenyewe. Mama hasemi uongo. Kila neno lake ni kweli. Na bado anachomfanyia Ana ni kipigo. Gaby yeye anakimbilia kwa yule mama Mgiriki wa maembe, ambaye ana chumba kimejaa vitabu, na anasoma wakati milio inasikika nje. Watoto wawili wa nyumba moja. Mmoja anapewa vita vibichi usiku, mwingine anapewa hadithi mchana.

Wapo wanaosema basi watoto tuwape mambo mazuri mazuri, vita watavikuta ukubwani. Hao hawajakaa na watoto wa Kigoma, ambako kambi za wakimbizi kutoka Burundi na Kongo zimekuwepo tangu wazazi wao wakiwa wanafunzi. Wapo pia wanaosema ukweli ni ukweli, mpe wote. Mimi naona Faye ametupa kipimo kizuri kuliko vyote viwili. Mama alishindwa kwa sababu alimwondoa mtoto katika usingizi na kumwacha peke yake na picha ile. Hakukuwa na chungu jikoni, hakukuwa na mtu wa tatu, hakukuwa na kesho yake. Hadithi ya vita ya mtoto inaweza kubeba maiti, naamini hivyo, mradi kuna mtu ndani yake anayeamka asubuhi na kuwasha moto. Barazani niliishia kwenye maembe na chumba cha vitabu. Habari za Ana nilimpa mmoja tu, wa kidato cha pili, kwa sababu aliomba kitabu chenyewe akaenda nacho. Alikirudisha baada ya wiki mbili, akaniambia kwamba yeye angemficha Ana chumbani kwake, mama asimwone. Hakusema zaidi.

Kenya nako vita vya chakula vilikuwa wazi kuliko popote. Wapiganaji wa Mau Mau msituni waliishi kwa vyakula vilivyopelekwa na wanawake usiku, na Waingereza walipoligundua hilo waliwakusanya watu kwenye vijiji vya kulindwa na kuwachimbisha handaki la maili 50 kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, lenye miti iliyochongwa ndani, ili kikapu kisipite. P. M. Kareithi aliandika Kaburi Bila Msalaba kwa Kiswahili mwaka 1969, mwaka ule ule wa Kinjeketile. Kukipata leo ni kazi ya kubahatisha kwa wauza vitabu vya mitumba. Hapo sina la kuongeza ila kuwaonea wivu wenye nakala.

Vita vinavyonikera kwa ukimya ni vya Kagera. Nyimbo tunazo. Henry Muhanika alitunga utenzi uliochapwa 1981. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ile ya uwezo, sababu na nia, hata wajukuu wanaiigiza. Lakini riwaya za Kagera nazihesabu kwa shida, na za vijana kwa shida zaidi. Na vita vile vilianza na chakula. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaswaga maelfu ya ng'ombe wa ranchi ya Missenyi kuwavusha mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa, watu wakakimbia na vitoto mgongoni kuvuka mto. Sisi wengine huku, tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, na mama zetu wakajifunza kukaa foleni kabla ya adhana ya alfajiri kwa ajili ya sukari na sabuni. Miezi 18 ile ilinyooka kuliko kalenda. Mtu akiandika foleni moja tu ya mwaka 1980, foleni nzima kuanzia giza mpaka duka linapofungwa na vitu vimekwisha, ataandika vita vya Kagera vizuri kuliko aliyejaza kurasa mizinga.

Nina jirani aliyekuwa dereva wa lori la jeshi kule. Nilimwendea na shikamoo yangu na daftari, nikamuuliza habari za mapigano ya Masaka na Lukaya, kule Uganda. "Marahaba mwanangu," akasema, "hayo yameshapita," akanyamaza, akaanza kurekebisha redio ambayo haikuwa na tatizo. Nikakumbuka kijana wa chapati. Nikamuuliza, babu, huko mlikula nini?

Alizungumza mpaka magharibi. Maharage ya kopo na ya gunia na tofauti yake. Ugali uliopikwa kwenye pipa, ukisongwa na watu wawili kwa mti mrefu. Jinsi kijiko kilivyochomekwa kwenye soksi ndani ya buti, na mtu akipoteza kijiko anavyotaniwa mpaka aone aibu. Jinsi walivyofika kwenye migomba ya Uganda wakala matoke hadi watu wa Mbeya wakaanza kuuliza ugali utarudi lini. Bibi kizee mmoja karibu na Masaka aliyewapikia, bila wao kumwomba, na aliyekataa pesa, na ambaye siku ya pili walipopita hawakuikuta nyumba yake. Hapo alisimama kidogo, akauliza kama chai yangu imepoa. Kisha akaendelea na habari za sukari guru. Yote ambayo hakutaka kunisimulia yalikuwa mle, katikati ya vyakula.

Yule binti wa kidato cha pili, mwenye Ana wake, ameanza kuandika ya kwake. Mhusika wake ni mpishi wa kombania, mtu wa Lushoto, anayekwenda Kagera na masufuria, bunduki amebeba lakini hajui kuitumia sawasawa. Sura ya kwanza nimeisoma, ina makosa ya mkato na nukta kila mahali na ni nzuri sana. Amekwama kwenye mto. Daraja la Kyaka lililipuliwa mwanzoni mwa Novemba 1978, na anataka kujua masufuria ya kombania nzima na magunia ya unga yalivushwa vipi, kwa mtumbwi, kwa daraja la muda la jeshi, au jiko lilibaki nyuma na chakula kikavushwa kimeiva. Jirani yangu hakumbuki, yeye alifika baadaye na lori. Kwa hiyo anayesoma hapa na ana mzee nyumbani aliyepika kule, au mama aliyesikia yakisimuliwa, amuulizie. Na amuulize pia unga ulikuwa sembe au dona, maana mwandishi wetu anasema mpishi wa Lushoto hawezi kulinyamazia hilo.